Kikombe Bila Mkesha

Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 1799, baba mmoja maskini wa London alitoka mapema kwenda Green Park, bustani ya wazi katikati ya jiji, akaokota uyoga mdogomdogo uliokuwa umeota kwenye majani. Akarudi nao nyumbani, akaubandika motoni kwenye sufuria ya chuma pamoja na maji, unga na chumvi. Ulipoiva akawapakulia wanawe. Hicho ndicho kilikuwa kifungua kinywa chao.

Haukupita muda mrefu, baba akaanza kuona madoa meusi na rangi za ajabu zikimulika mbele ya macho. Akisimama, anapepesuka. Mtoto mmoja, Edward, mwenye miaka minane, alikuwa amekula zaidi, naye alishikwa na kicheko. Alicheka bila kukoma, na wazazi walipomkemea na kumtisha hakuweza kujizuia. Mboni za macho yake zilitanuka mpaka karibu zikaifunika rangi yote ya jicho. Baba akatoka kwenda kutafuta msaada, lakini hakufika mbali. Njiani alisahau anakwenda wapi na kwa nini ametoka. Daktari aliyewahudumia, Everard Brande, aliwatapisha, akawapa dawa za kuwatia nguvu, nao wakapona wote. Kisha akaketi akayaandika aliyoyaona katika jarida moja la kitabibu la jiji hilo.

Kisa hicho hutajwa kuwa cha kwanza kuandikwa na daktari wa Ulaya kuhusu uyoga ambao leo unatafutwa kwa makusudi duniani kote. Kila nikikisoma, kicheko cha yule mtoto hakinishiki kama yule baba aliyesimama barabarani hajui alikokuwa akienda. Walioachwa ndani walikuwa wamekula sufuria ileile. Hakubaki mtu wa kumtazama mwenzake. Nimekuja kuamini kwamba hapo, kwa mtu wa kukaa macho, ndipo penye kiini cha habari yote ya uyoga huu: faida zake, madhara yake, na njia ambayo dunia imeutumia vibaya.

Siku hizi wengi hawauli. Wanaukausha, wanauchemsha, wanauchuja na kuunywa. Wanauita chai. Neno hilo limefanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kwetu chai ni ukaribisho: mgeni hajatulia kwenye kiti ameshaulizwa atakunywa ya rangi au ya maziwa. Chai ya tangawizi ni ya kifua, mchaichai ni wa homa, na mtu akikwambia njoo tunywe chai hujiulizi kitakachokupata ukishaimaliza. Kitu chochote kikiingizwa kwenye kikombe na kutiwa asali kinapata heshima ya vitu vya nyumbani. Hofu inakwisha kabla swali halijaulizwa.

Sababu za kuupika ni za jikoni tu. Uyoga mkavu una ladha ya udongo, ni mgumu tumboni na unatia kichefuchefu. Maji ya moto yanaichukua kemikali yake, machicha yanabaki kwenye chujio, na wanywaji wengi husema tumbo linasumbua kidogo kuliko kama wangeutafuna. Hilo ni kweli, lakini kinachopunguzwa ni usumbufu wa tumbo peke yake. Kazi yake kichwani inabaki ileile, na kwa kuwa kemikali imeshatoka kwenye uyoga na kuingia majini, huwahi kufika mwilini. Anayetafuna hupata muda kidogo wa kujiuliza kama imetosha. Anayekunywa kwa mkupuo, swali hilo linamfikia akiwa tayari ameondoka.

Kemikali yenyewe inaitwa silosibini. Ilitambuliwa mwaka 1958 na Albert Hofmann, mwanakemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, yuleyule aliyetengeneza LSD miaka 20 kabla. Inapatikana katika aina zaidi ya 100 za uyoga, nyingi zikiwa za jenasi ya Psilocybe. Ikiingia mwilini hupoteza kipande cha fosfeti na kugeuka kuwa silosini, na umbo la silosini linashabihiana sana na serotonini, kemikali ambayo ubongo wenyewe huitengeneza na kuitumia kupelekeana habari za hisia, usingizi, hamu na mengine mengi. Kwa kufanana huko inaweza kuingia penye vipokezi vya serotonini kama ufunguo wa bandia unaoingia kwenye kufuli halisi. Mlango unafunguka, lakini aliyeufungua siye mwenye nyumba.

Kwa kawaida dalili huanza kati ya dakika 20 na 40, hufika kileleni baada ya saa moja au mbili, na hudumu saa nne mpaka sita. Mwanzo wake si wa ajabu. Mtu anapiga miayo, mikono inapoa, tumbo linamvuruga, moyo unaongeza mwendo na shinikizo la damu linapanda kidogo. Kisha vitu vilivyotulia vinaanza kutikisika. Maua ya kwenye kanga yanapumua. Ukuta unasogea kama pazia lililopigwa na upepo. Akifumba macho anaona michoro inayozaliana bila mwisho. Muda unaharibika: dakika tano zinakuwa mchana mzima, na mtu anaweza kuamini kwa dhati kwamba hali hii haitakwisha kamwe. Wengine hulia kwa furaha wasiyoijua ilikotoka. Wengine humwona mama aliyekwishafariki, au huhisi kwamba mpaka kati yao na dunia umefutika, kwamba hakuna tena anayeitwa mimi. Kufutika huko, kwa mtu aliyeandaliwa na aliye salama, huweza kuwa jambo la kumshukuru Mungu. Kwa mtu aliye peke yake chumbani, hakuonywa, hafahamu kitakachofuata, ni sawa kabisa na kufa.

Nimetaja mtu aliyeandaliwa. Maandalizi hayo si mawazo ya wanasayansi wa leo, na anayetaka kuyaelewa inampasa aende Mexico, kwenye milima ya Oaxaca, katika mji wa Huautla de Jiménez wa watu wa Mazateki. Huko uyoga huu ulitumika tangu enzi za mababu, na makasisi wa Kihispania waliokuja na utawala wao katika karne ya 16 waliandika habari za uyoga mtakatifu wa wenyeji wa Mexico na kuupiga vita. Wamazateki waliendelea nao kimyakimya. Wanauita kwa jina la upendo, wale wadogo wachipukao, na kwa Kihispania huwaita watoto watakatifu.

Huautla hawachemshi chai. Uyoga huliwa mbichi, wawiliwawili, mume na mke, usiku, mbele ya madhabahu yenye maua na mishumaa, na huliwa kwa sababu inayojulikana: kuna mtu mgonjwa, kuna jambo limepotea, kuna jamaa aliyesafiri na habari zake hazijulikani. Watakaoshiriki hujizuia na tendo la ndoa siku nne kabla na siku nne baada. Mishumaa huzimwa. Mganga naye hula, na hula zaidi ya mgonjwa, kisha huimba na kusali gizani mpaka karibu na alfajiri. Kwa Kihispania mkusanyiko huo unaitwa neno ambalo Kiswahili kinalo tayari, tena kwa uzito uleule: mkesha. Mgonjwa anakwenda anakokwenda, lakini sauti ya mganga ipo chumbani usiku kucha kama kamba aliyofungwa nayo kiunoni. Akipotea, anaisikia. Mganga amekwisha kwenda huko mara nyingi na anaijua njia ya kurudi.

Mganga aliyefahamika kuliko wote aliitwa María Sabina, mwanamke mjane aliyezaliwa mwaka 1894, asiyejua kusoma wala kuandika, wala kuzungumza Kihispania. Usiku wa tarehe 29 Juni 1955 alimpokea mgeni kutoka New York, Gordon Wasson, makamu wa rais wa benki ya J.P. Morgan ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichunguza habari za uyoga pamoja na mke wake. Alikuja akiwa na mpiga picha. María Sabina hakuwa na mgonjwa wa kumtibu usiku ule. Alimpokea mgeni kwa sababu kiongozi wa mji alimwomba. Alimpa jozi sita. Wasson aliona aliyoyaona, na tarehe 13 Mei 1957 gazeti la Life likayachapisha kwa picha za rangi. Alimbadilisha mama yule jina ili kumficha, lakini picha ya uso ilikuwepo, na milima ya Mazateki haikuwa mikubwa kiasi cha kumficha mtu aliyetafutwa na wasomaji wa gazeti lililosambaa kwa mamilioni.

Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huautla mgeni alikuja, mwenyeji akaumia. Katika miaka ya sitini vijana wa Marekani na Ulaya walimiminika mjini, wakala uyoga mchana na usiku, bila mkesha, bila ugonjwa, bila sababu. Jeshi likaja kufunga barabara. Polisi walimsumbua María Sabina, nyumba yake ikachomwa moto, na baadhi ya jirani zake walimlaumu kwa kuuza siri ya kabila. Alipomsimulia maisha yake Álvaro Estrada, Mmazateki mwenzake aliyeyachapisha mwaka 1977, alisema kwamba kabla ya Wasson hakuna aliyekula uyoga kwa ajili ya kumtafuta Mungu tu, kwamba uliliwa ili wagonjwa wapone, na kwamba tangu wageni waje wale watoto wamepoteza nguvu yao. Alifariki mwaka 1985 akiwa maskini kama alivyoishi. Kampuni, vyuo na wawekezaji wanaohesabu mamilioni ya dola leo wanasimama juu ya kizingiti cha nyumba yake, na kwangu hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Katika ugeni ule, kilichobebwa kwenda nje kilikuwa uyoga. Mkesha uliachwa. Vijimbegu vya uyoga vilisafiri kwa posta, picha zikachapishwa, kemikali ikatengenezwa maabara, lakini sauti ya mtu mwenye ujuzi anayekaa macho usiku kucha haikuweza kufungwa kwenye bahasha. Chai ya uyoga inayonywewa leo kwenye vyumba vya wanafunzi na kwenye fukwe za mapumziko ni matokeo ya safari hiyo: kikombe kimefika, mkesha haukufika.

Wanasayansi wenyewe walikuja kuutambua umuhimu wa mkesha, kwa njia ndefu. Baada ya miaka ya sitini utafiti ulikaribia kufa kabisa. Marekani ilipiga marufuku silosibini kwa sheria ya mwaka 1970, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliiweka kwenye jedwali la kwanza, la dawa zenye udhibiti mkali kuliko zote. Nchi zetu nyingi za Afrika Mashariki zimeridhia mkataba huo. Utafiti uliporudi, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Baltimore kilichapisha mwaka 2006 kazi iliyoongozwa na Roland Griffiths. Watu 36 wenye afya njema walipewa silosibini safi, iliyopimwa, baada ya kukutana mara kadhaa na waangalizi watakaokaa nao. Siku yenyewe walilala kwenye kochi, wamefunikwa macho, muziki ukipigwa, waangalizi wakiwa pembeni muda wote mpaka jioni. Miezi miwili baadaye, karibu theluthi mbili yao walisema siku ile ilikuwa miongoni mwa mambo matano yenye maana kubwa kuliko yote maishani mwao.

Takwimu hiyo imesambaa sana. Wanaouza matumaini huitaja kila mahali. Nyingine iliyomo katika kazi hiyohiyo hutajwa mara chache: watu 11 kati ya 36 walipatwa na hofu kali au kali kupindukia wakati fulani wa siku hiyo. Ni karibu theluthi moja, nao walikuwa watu waliochaguliwa kwa uangalifu, wenye afya, wasio na ndugu wenye wendawazimu, wakiwa mikononi mwa wataalamu. Hofu yao ilipita bila madhara kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuwashika mkono. Mwaka 2016 chuo hichohicho kilichapisha majibu ya watu 1,993 waliokuwa wamepatwa na siku mbaya baada ya kula uyoga huu wenyewe, nje ya hospitali. Asilimia 11 walisema walijiweka wao au wenzao katika hatari ya kuumia. Wachache walihitaji daktari. Watatu walijaribu kujiua. Cha kushangaza, wengi wa watu hao bado walisema siku ile mbaya iliwafundisha jambo. Nalieleza hilo kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa anayeficha upande mmoja wa habari hatasadikiwa akisema upande wa pili.

Kuhusu sonona iliyokataa dawa nyingine, jaribio kubwa la silosibini lilichapishwa Novemba 2022. Wagonjwa 233 waligawanywa katika makundi matatu: miligramu 25, miligramu 10, na miligramu 1 ambayo ni kama kutopewa kitu. Baada ya wiki tatu kundi la miligramu 25 lilikuwa limepata nafuu iliyo wazi kuliko kundi la miligramu 1. Kufikia wiki ya 12, waliobaki na nafuu hiyo walikuwa kama mmoja kati ya watano. Kwa mtu ambaye ameshindwa na dawa zote, mmoja kati ya watano si jambo la kudharau. Nimewaona watu walioliwa na sonona na siwezi kuwabeza wanaotafuta mlango wowote. Lakini katika makundi yote matatu kulikuwa na wagonjwa waliopatwa na mawazo ya kujiua au waliojidhuru. Dawa inayofungua moyo wa mtu inaweza kuufungua mahali ambapo kidonda bado kibichi.

Australia iliruhusu madaktari wa magonjwa ya akili wenye kibali kuitumia tangu Julai 2023. Jimbo la Oregon nchini Marekani, kwa kura ya wananchi ya mwaka 2020, liliweka vituo vyenye waangalizi waliosomea kazi hiyo. Kote huko kitu kimoja hakijadiliwi: lazima mtu awepo. Mkesha umerudi ukiwa umevaa koti jeupe.

Lakini matokeo ya hospitali si mali ya kikombe cha mtaani, na hapa ndipo ninapoona watu wengi waaminifu wanapotoshwa. Mtu anasoma kwamba silosibini imesaidia sonona, kisha anaagiza uyoga kwa mtu asiyemfahamu na kuuchemsha. Miligramu 25 za hospitali zimepimwa kwa mizani ya maabara. Uyoga haupimiki hivyo. Nguvu yake hutofautiana mara kadhaa kati ya aina na aina, kati ya shamba na shamba, hata kati ya uyoga mmoja na mwenzake walioota pamoja. Watu wanne wakigawana birika moja, hakuna anayejua nani amekunywa nini.

Wala haijulikani ni uyoga gani. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Msimu wa mvua, ukipita barabara ya Iringa kwenda Mafinga, utawakuta akina mama na watoto kando ya lami na ndoo na mabeseni ya uyoga wa porini. Wapishi wetu wanaujua uyoga wa mchwa unaoota kwenye kichuguu, na ladha yake haisahauliki. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale akina mama aliyejifunza peke yake. Alichukuliwa porini akiwa mdogo na mama yake au bibi yake, akaambiwa huu tunakula, huu tunauacha, akarudia mwaka baada ya mwaka mpaka jicho lake likazoea. Nje ya elimu hiyo uyoga unafanana kupita kiasi. Kuna kauyoga ka kahawia kanakoitwa Galerina marginata, kanakoota kwenye miti iliyooza mahali palepale ambapo baadhi ya Psilocybe huota, na mtu asiye fundi hawezi kuzitofautisha aina hizo mbili. Ndani ya Galerina mna amatoksini, sumu ileile ya uyoga unaoua watu wengi zaidi duniani. Kuchemsha hakuiharibu. Chai haiisafishi. Aliyekunywa hajisikii kitu kwa saa sita au zaidi, kisha hutapika na kuharisha vikali, kisha hupata nafuu ya siku nzima na kudhani yamekwisha. Wakati huo ini linakufa. Wengi huja hospitali siku ya tatu, macho yakiwa ya manjano.

Siku hizi uyoga hata hauonekani. Mwaka 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu chokoleti na peremende zilizouzwa madukani kwa jina la uyoga. Watu zaidi ya 100 waliugua, wengi wakalazwa, na vipimo vikakuta ndani yake mchanganyiko wa vitu, zikiwemo kemikali za uyoga mwingine kabisa na dawa ya hospitali ambayo haikuandikwa kwenye karatasi.

Tena kuna suala la nani anayekunywa. Mwili wa kawaida huivumilia silosibini. Vifo vinavyotokana na kemikali yenyewe peke yake ni nadra mno, na haimfungi mtu kama pombe au heroini inavyomfunga. Haya yasemwe wazi. Lakini mtu mwenye skizofrenia, au mwenye baipola, au ambaye mzazi wake au ndugu wa tumbo moja anao ugonjwa huo, anacheza na kitu kinachoweza kumrusha katika wendawazimu usiokwisha na saa sita. Watafiti huwakataa watu hao mlangoni. Kikombe cha mtaani hakimkatai mtu. Anayemeza lithiamu yuko katika hatari zaidi, maana zimeripotiwa habari za watu waliopatwa na mishtuko ya kifafa walipochanganya viwili hivyo. Mwenye ugonjwa wa moyo naye hana sababu ya kuupima moyo wake namna hiyo. Na katika familia zetu, ambamo ugonjwa wa akili wa mjomba hufichwa na kuitwa uchovu au majini, kijana anaweza kufika miaka 20 bila kujua kwamba swali hilo linamhusu.

Kisa cha mwisho nitakachokisimulia kilichapishwa na madaktari wa Marekani mwaka 2021. Mwanamume wa miaka 30, mwenye baipola na aliyezoea dawa za kulevya, alikuwa ameacha kutumia dawa zake. Akasoma kwamba silosibini husaidia sonona na husaidia kuacha afyuni. Akauchemsha uyoga, akauchuja kwa pamba, kisha chai ile akajidunga mshipani. Siku chache baadaye ndugu zake walimkuta amelegea, amegeuka manjano, anatapika damu. Hospitali waliutambua uyoga wa Psilocybe cubensis ukiota ndani ya damu yake. Viungo vingi vilianza kushindwa kazi. Alilazwa siku 22, nane kati ya hizo katika chumba cha wagonjwa mahututi, na akatoka hai akiwa na dawa za kuua ukungu za kumeza kwa muda mrefu. Nimeona watu wakikisambaza kisa hiki kama kichekesho. Mimi naona mtu aliyekuwa anaumwa, aliyesoma habari za matibabu, asiyekuwa na wa kumuuliza. Alikuwa anatafuta tiba.

Kwa hiyo kama mtu wa nyumbani kwako amekunywa, usianze na hukumu. Kaa naye. Punguza taa na kelele, ondoa funguo za gari na visu, funga mlango wa ghorofani, mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba amekunywa kitu, kwamba kitapita, kwamba huondoki. Usibishane na anachokiona. Akishikwa na degedege, akiumwa kifua, akichemka homa, akisema anataka kujidhuru, au akianza kutapika na kuharisha saa nyingi baada ya kunywa, mpeleke hospitali bila kusubiri kupambazuke, na mwambie daktari ukweli wote, hata kama ni wa aibu. Daktari anayedanganywa anatibu ugonjwa mwingine.

Na usiyamwage machicha. Yafunge kwenye karatasi pamoja na uyoga wowote uliobaki, uende nayo. Yule baba wa London, alipotoka kutafuta msaada, hakuweza kueleza hata kwa nini alikuwa njiani.  Lakini uyoga wa aina ile uliangaliwa kwa makini, na baada ya miaka michache mchoraji James Sowerby akauchora kwa rangi katika kitabu chake cha uyoga wa Uingereza. Kwa mchoro ule wataalamu wa leo wameweza kuutaja kwa jina: Psilocybe semilanceata, kofia yake ndogo iliyochongoka kama chuchu, unaota mpaka leo kwenye malisho ya Ulaya kila vuli, katikati ya majani.